Mji wa Wageni: Historia ya Geita na Shinyanga na Swali la Jirani

Utangulizi

Kila mwaka, wanafunzi wetu wanapokwenda katika mazoezi ya utumishi, huwa tunawapa kazi moja isiyo ya mahubiri: kila mmoja aandike kurasa chache juu ya historia ya mtaa aliopangiwa. Wanaopelekwa Buhaya au Uchaga hurudi na majina ya wainjilisti wa kwanza, miaka ya ubatizo, na habari za ujenzi wa makanisa ya zamani. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alipelekwa katika mtaa ulio kando ya machimbo ya dhahabu, mkoani Geita. Alirudi na nusu ukurasa. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa unyofu: "Mwalimu, kule hakuna historia. Watu wote ni wageni."

Tulimpunguzia alama. Baadaye tulitambua kwamba lawama ile ilitustahili sisi zaidi kuliko yeye. Tulipokuwa tukihudumu katika ukanda ule tulizoea kusema vivyo hivyo. Katika vitabu vya usharika tuliandika waliobatizwa na waliofunga ndoa, lakini hatukuandika watu hao walifikaje mahali pale, wala nani alikuwapo kabla yao. Tuliwahudumia kama abiria waliokaa stendi wakingoja gari.

Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, tutaonyesha kwamba ukanda wa Geita na Shinyanga una historia ndefu. Pili, tutaonyesha jinsi historia hiyo inavyofafanua maovu mawili yaliyoutia ukanda huu fedheha, yaani mauaji ya wanawake wazee na mauaji ya watu wenye ualbino. Tatu, tutauliza ni nini kinachotakiwa kwa mchungaji anayetumwa huko. Rai yetu ni kwamba mtumishi asiyeijua historia ya mahali hawezi kumjua jirani yake, na asiyemjua jirani hawezi kumtetea.

1. Ghuba na watu wake wa kwanza

Mtu akisimama Mwanza akatazama magharibi huiona Ghuba ya Mwanza, mkono wa Ziwa Victoria unaoingia kusini katika nchi kavu. Ng'ambo yake iko Sengerema, na baada ya Sengerema iko Geita. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kuvuka ilikuwa kivuko cha Kigongo na Busisi, ambako wagonjwa, wafanyabiashara na maiti walisubiri zamu pamoja. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi, na safari iliyochukua saa nyingi ikawa ya dakika chache. Mji wa Geita wenyewe uko vilimani, lakini mgodi wake mkubwa huvuta maji kutoka Nungwe ufukoni mwa ziwa, na kijana anayevua dagaa Nkome msimu huu huenda akawa machimboni msimu ujao. Ziwa na mashimo vinaishi kwa kutegemeana.

Kabla ya dhahabu, upande huu wa ghuba ulikuwa nchi ya Wazinza, ambao mila na tawala zao zilikuwa na undugu na zile za Karagwe na Buhaya. Kati yao walikuwapo Warongo, wahunzi mashuhuri walioyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Majembe hayo yalisafiri mbali, na Wasukuma waliyalimia mashamba yao muda mrefu kabla ya majembe ya dukani. Kwa hiyo, yule anayedhani kwamba uchimbaji katika nchi hii ulianza na Mzungu amekosea. Watu wa ukanda huu walikuwa wakiyasoma mawe tangu kale.

Jambo moja katika kazi ya Warongo linatuhusu sana. Kuyeyusha chuma kulifuatana na miiko, na dawa ziliwekwa chini ya tanuri ili kazi ifanikiwe. Msingi wake ulikuwa imani kwamba ardhi haitoi kitu chake bure, na kwamba anayechukua kutoka tumboni mwake hana budi kutoa kitu. Imani hiyo ni ya zamani kuliko dhahabu, na mhubiri anayeidharau kama upuuzi wa vijana wa siku hizi hataigusa mizizi yake.

2. Pamba, mbung'o na miti

Wimbi la pili la watu lilikuja na kilimo na ng'ombe. Usukuma, mashariki ya ghuba na kusini kuelekea Shinyanga, ulikuwa na watu wengi na mifugo mingi, lakini mapori yake yalijaa mbung'o wanaoeneza malale na nagana. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikishirikiana na watemi, iliwahamasisha maelfu ya watu kukata mapori, na Shinyanga ikawa kitovu cha utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton. Mbung'o walirudi nyuma, na nchi iliyosafishwa ikajaa mashamba na malisho. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza, na pamba ikapata njia ya kwenda sokoni.

Nchi ikazidiwa. Mwaka 1947 ulianza mpango wa maendeleo ya Usukuma, ambao miongoni mwa shabaha zake ilikuwa kuwahamishia watu Geita, ambako ardhi ilikuwa bado nyingi. Familia za Wasukuma zikavuka ghuba na ng'ombe wao, zikafyeka na kupanda pamba. Huko Geita walikuwa wageni kwa Wazinza, na baada ya kizazi kimoja walikuwa wengi kuliko wenyeji wao.

Wageni hawa walionyesha upesi kwamba wanajua kusimama pamoja. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1958 serikali ilipotaka kuweka Geita halmashauri ya wilaya yenye wajumbe wa rangi zote, wananchi waliona kwamba wachache wangepewa sauti kuliko wengi. Wakavuka ghuba kwa maelfu kwenda Mwanza kuonana na wakuu wa serikali. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, lakini mwishowe serikali iliuacha mpango ule. Geita, mahali panaposemwa kwamba hapana historia, palichangia kubadili mwelekeo wa siasa za Tanganyika miaka mitatu kabla ya uhuru. Hatukumbuki kusikia habari hiyo ikitajwa katika ibada yoyote ya Desemba 9.

Kisha ikaja mwaka 1974 Operesheni Shinyanga, sehemu ya mpango wa taifa wa vijiji. Watu waliondolewa katika miji yao ya asili, iliyotawanyika kati ya mashamba na makaburi ya wazazi, wakapangwa kwa mistari karibu na barabara. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema. Lakini familia nyingi zilijikuta zimepakana na watu wasiowajua, mbali na waliowazika wazee wao. Kwa namna hiyo wakulima wa Shinyanga nao walifanywa wageni katika nchi yao wenyewe.

Ndugu msomaji atauliza, miti iliyotajwa katika kichwa cha sehemu hii imekwenda wapi? Jibu ni kwamba imekwisha. Ilikatwa kwa ajili ya mbung'o, ikakatwa kwa ajili ya pamba, ikamalizwa na mifugo, kuni na mkaa. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua ili lifae wakati wa kiangazi. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini ngitili nyingi zilikosa wa kuzilinda. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa tambarare tupu, na watu walianza kuliita eneo hilo jangwa. Mwanamke aliyekosa kuni alipikia mabua ya mahindi na pamba, au samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Tunamwomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

3. Dhahabu

Dalili za dhahabu Geita ziligunduliwa na Mjerumani mwaka 1898. Mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na kukajengwa mji wa kampuni uliozungushiwa ua.

Wimbi kubwa la watu lilikuja katika miaka ya 1980 na 1990, biashara ya dhahabu ilipofunguliwa kwa wachimbaji wadogo. Ikisikika kwamba mawe mazuri yameonekana mahali, katika majuma machache pori hugeuka kuwa mji wa maturubai, wenye maduka, vilabu vya pombe, waganga na wahubiri. Watu wa mlipuko huo hutoka kila mkoa. Dhahabu ikipungua, mji huhama.

Kisha zilikuja kampuni kubwa. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa hai mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, lakini hayajafutika katika mazungumzo ya watu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Huu wa mwisho ulikoma uzalishaji mwaka 2021. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu mkoani humo watu zaidi ya milioni 1.7, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 3. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa mjini Geita soko la dhahabu, ili mchimbaji auze kwa mizani iliyo wazi.

Inafaa mchungaji aelewe jinsi duara linavyofanya kazi. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayetoa chakula na vifaa, na kuna vijana wanaoshuka. Wachimbaji wengi hawana mshahara. Hula chakula cha mwenye duara kwa majuma au miezi, na mawe yakipatikana hugawana viroba kwa kadiri ya mapatano. Mawe hupelekwa kwenye karasha yakasagwa, unga ukaoshwa kwenye mwalo, na chembe za dhahabu zikanaswa kwa zebaki, ambayo kisha huchomwa. Moshi wa zebaki huharibu neva za anayeuvuta, na mara nyingi huchomwa karibu na watoto. Maduara mawili yaliyopakana huweza kuchimbwa kwa jasho lile lile. Moja likatoa, jingine lisitoe. Hapo ndipo linapoulizwa swali la usiku: kwa nini yeye, na si mimi? Mganga anayo majibu tayari. Je, sisi tunayo?

Mwezi Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Nchi nzima ilishangilia. Wengi wa wanaofukiwa hawatangazwi. Sisi tulipata kumzika kijana mmoja aliyeangukiwa na kuta za duara. Wenzake walimjua kwa jina la utani tu. Hakuna aliyejua kwao ni wapi, wala kama alibatizwa. Mwenye duara alitoa sanda na jeneza. Tulipofika mahali pa kutaja jina tulisema "ndugu yetu huyu", kisha tukaendelea. Maneno yale yalikuwa sahihi kabisa, lakini tuliyasema kwa kuwa hatukuwa na mengine.

4. Damu ya jirani

Sasa tuyarudie macho ya yule mwanamke. Anayepikia samadi na mabua kwa miaka arobaini ndani ya moshi hupata macho mekundu. Sababu yake ni moshi, na nyuma ya moshi ni ukosefu wa kuni, na nyuma ya ukosefu wa kuni ni historia yote tuliyoisimulia: mbung'o, pamba, mifugo na vijiji. Lakini katika Usukuma macho hayo yalikuja kuhesabiwa kuwa alama ya mchawi. Mtoto akifa ghafla, ng'ombe wakifa, mganga hupiga ramli, na ramli humwangukia bibi kizee, hasa mjane asiye na mtoto wa kiume karibu, na mara nyingi mwenye shamba ambalo mtu analitamani. Wauaji hukodiwa, huja usiku na mapanga. Tangu miaka ya 1970 wanawake wazee wengi wameuawa hivyo katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake.

Ubaya wa pili ulijitokeza wazi kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Ilienezwa kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino vikitiwa katika dawa huleta utajiri machimboni na ziwani. Ndipo watu, wakiwamo watoto wadogo, wakakatwa viungo na kuuawa. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia mauaji hayo, na serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa kiume wilayani Bukombe. Shule ya Buhangija, Shinyanga, ikapokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa huko ili waishi. Ilikuwa rehema kuwapokea. Ilikuwa pia hukumu juu yetu, kwamba mtoto awe salama kwa kutengwa na jirani zake, wakiwamo waliobatizwa.

Tukiyatazama maovu haya pamoja tunaona jambo moja. Bibi mwenye macho mekundu na mtoto mwenye ualbino wote wawili huuawa wakiwa wamekwisha kuondolewa katika hesabu ya majirani. Yule wa kwanza huhesabiwa kuwa adui aliyefichika, na wa pili huhesabiwa kuwa mali. Mahali ambapo kila mtu anajiona mpita njia, ni vigumu mtu kusimama na kusema, "Huyu ni wetu, namjua tangu utoto wake."

5. Jinsi wageni walivyojenga ujirani

Tungedanganya kama tungeishia hapo. Watu hawa hawakungoja Kanisa liwafundishe ujirani. Mapema katika miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Wananchi wa Kahama na Shinyanga walianzisha sungusungu. Kila mwanamume wa kijiji aliapa, alishika upinde, na alikimbia pale mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa. Adhabu yao kubwa ilikuwa kumtenga mkosaji: hapewi moto wala maji, haagizwi kazi, na kwenye msiba wake hakuna anayefika. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria na kuwapa nafasi ya kisheria.

Sungusungu walirudisha amani ambayo polisi walishindwa kuileta. Lakini baadhi yao waliwasaka pia waliodhaniwa kuwa wachawi, na mwano uleule uliomwokoa mwenye ng'ombe ukamwangamiza mjane. Hapa pana somo zito kwa Kanisa. Kushikamana peke yake hakuokoi. Swali ni nani amewekwa ndani ya duara la ujirani na nani ameachwa nje.

Mfano mwingine ni ngitili. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wataalamu walipanda miche kwanza, kisha wakajifunza kwa wazee kwamba miti ingerudi yenyewe kama ngitili zingeheshimiwa tena. Familia na vijiji vilitenga maeneo, na mamia ya maelfu ya hekta zikafunikwa tena na majani na miti. Kuni zilirudi, pamoja na asali, dawa na malisho. Wasukuma walikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ikaiponya nchi.

Kuna pia vyama vya kuzikana. Katika kata za mji wa Geita kama Nyankumbu na Kalangalala, na katika vitongoji vya Kahama, wahamiaji huchanga kila mwezi ili mwenzao akifa asafirishwe kwao au azikwe kwa heshima palepale. Mhaya, Mkurya, Msumbwa na Muha huandikwa katika daftari moja. Tunadhani daftari hilo linastahili kusomwa na mwanafunzi wa theolojia kwa uangalifu.

6. Mtoto wa mchimbaji

Sisi Walutheri tulifika Usukumani baada ya wengine. Wamisionari wa Kikatoliki waliweka kituo Bukumbi, kando ya ghuba, mwaka 1883, na Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909. Washarika wetu wengi wa mwanzo walikuwa wahamiaji waliokuja na kazi na biashara. Leo KKKT ina dayosisi zenye makao Mwanza na Shinyanga, lakini tabia ya kuwa kanisa la wageni haijatutoka. Je, tuna neno la kwetu kwa nchi ya machimbo?

Tunalo, na mara nyingi tumelisahau. Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Mansfeld, mji wa machimbo ya shaba. Baba yake, Hans, alipanda hadi kuwa mwenye matanuri ya kuyeyusha. Luther alikulia kati ya watu walioshuka gizani bila kujua kama watapanda. Mwaka 1505 aliponaswa na radi karibu na Stotternheim alimwita Mtakatifu Anna, ambaye wachimbaji walimhesabu kuwa mlinzi wao. Mwana wa nyumba ya mchimbaji, aliposhikwa na hofu, alitamka jina lililotamkwa machimboni.

Kwa hiyo, mafundisho yake juu ya amri ya kwanza, kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake unakitumainia na kukikimbilia, yalitoka kwa mtu aliyeijua hofu ya duara. Katika kuieleza amri ya tano alifundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Anayeacha kumsaidia jirani aliye hatarini ameivunja amri hiyo pia. Kwa kipimo hicho, usharika ulionyamaza wakati bibi alipokuwa akinong'onwa hauwezi kunawa mikono.

Lakini haki inatutaka tuseme yote. Luther mwenyewe hakuwa nje ya hofu ya wachawi. Aliamini kwamba wapo wanaodhuru watu, na alikubali waadhibiwe. Mwaka 1540, mjini Wittenberg, watu wanne waliuawa kwa moto kwa shtaka la uchawi. Ulaya iliendelea kuua hivyo kwa zaidi ya karne nyingine. Tusiyaseme haya ili kujifariji. Yanatufundisha kwamba mafundisho safi ya neema huweza kukaa katika kanisa moja na hofu ya zamani, kama hofu hiyo haijatajwa na kushughulikiwa. Msukuma si mtu wa giza kuliko Msaksonia wa siku zile, wala ubatizo pekee haukumlinda mjane wa Wittenberg.

7. Yatupasayo

Tunapendekeza mambo manne kwa watumishi wa ukanda huu. La kwanza, kila mtaa uandike historia yake, kuanzia wenyeji wa kwanza hadi wahamiaji wa mwisho, kwa kuwauliza wazee wa dini zote. Kazi hiyo humpa mchungaji sababu ya kuketi kwa bibi kizee na kumsikiliza, na bibi aliyesikilizwa hadharani na mchungaji si rahisi kunong'onwa.

La pili, moshi na miti viingie katika huduma ya usharika. Umoja wa wanawake unaojenga majiko yanayotoa moshi nje, na vijana wanaolinda ngitili ya kanisa, wanaitii amri ya tano sawa na anayemtembelea mgonjwa.

La tatu, tuhubiri juu ya bahati. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinawaeleza watu wanaoning'inia mashimoni mbali na wanadamu wakitafuta dhahabu, kisha kinauliza hekima inapatikana wapi. Sura hiyo ingesomwa kando ya duara, wasikilizaji wangejitambua mara moja. Waambiwe wazi kwamba mwamba hauna sikio la kusikia dawa, na kwamba aliyekosa dhahabu hakulaaniwa.

La nne, tuweke kitabu cha waliozikwa, chenye kila jina, hata la utani, na kila habari inayojulikana.

Hitimisho

Ibrahimu alikuwa mgeni Kanaani. Katika Mwanzo 23 tunasoma kwamba sehemu ya kwanza ya nchi ile iliyokuwa mali yake ilikuwa kaburi la mkewe, alilolinunua Makpela mbele ya wenyeji kwa fedha iliyopimwa. Katika Mathayo 27 tunasoma juu ya shamba jingine la makaburi, lililonunuliwa kwa bei ya damu ili wazikwe wageni ndani yake. Miji ya dhahabu inayajua mashamba yote mawili.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi walizikwa Igoma, katika kitongoji cha mji, wa dini na makabila mbalimbali katika ardhi moja. Kila mwaka watu hukusanyika pale kuwakumbuka. Igoma haikuwa nyumbani kwa wengi wa waliolala pale, lakini imekuwa mahali ambapo jina la mgeni hutajwa.

Mwanafunzi yule wa nusu ukurasa sasa ni mchungaji. Tulipoonana naye hivi karibuni alituonyesha daftari la mtaa wake, lililoandikwa kwa mkono. Ukurasa wa kwanza una majina ya koo za Wazinza zilizokuwapo kabla ya mgodi. Kurasa za nyuma zina orodha ya waliozikwa, na mbele ya baadhi ya majina ameandika: "Kwao hakujulikani. Amezikwa kwetu."

Hatukuwa na la kuongeza. Tulimwomba ruhusa ya kulinakili, ili tuwape wanafunzi wa mwaka huu waone jinsi kazi ile inavyopaswa kufanywa.